Sodiamu Ndani ya Mawese

Nimeeleza habari hii Kasenga kwa wanawake wanaokausha samaki, nimeieleza Kambove kwa vijana wanaochimba mashimo yao wenyewe, nimeieleza ndani ya treni, kwenye foleni, na katika nyumba za watu walionipa kitanda cha wiki moja nikakaa mwezi. Kila mahali watu wanacheka, na kila mahali wanacheka pale pasipochekesha. Wanacheka nyanya yangu akiingia. Nikifika kwenye jambo lenyewe wamekwisha kuchoka, na mmoja anauliza kama chai imeiva. Kwa hiyo safari hii naandika. Karatasi haitanikatiza.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa kolezi, shule ya sekondari ya mapadri, katika mji ambao siku hizo bado uliitwa Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi. Tulikuwa na bendera yetu na stempu zetu, jandarmu, askari wa Katanga, katika kila njia panda, na upande wa pili wa njia panda hizo askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Katikati tulikuwa sisi na madaftari yetu. Baba alitoka kaskazini akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye tanuru la shaba, na tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, vyumba viwili na jiko la nje, mahali ambapo moshi wa kiwanda ulitushukia kila upepo ulipogeuka. Mama alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba wa dada yake, kisha barabara zikafungwa. Nyumba ilibaki mikononi mwa nyanya, mama yake baba, ambaye kwetu tunamwita nkambo. Yeye naye alikuwa amekimbia vita vya kaskazini mwaka mmoja kabla, akaja na vita vikamfuata. Nyumbani tulikuwa na wadogo zangu wawili, wenye njaa kila saa.

Nilitaka kitu kimoja tu. Kampuni ya migodi ilikuwa na maabara, nasi tuliita labo. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi humo walivaa koti jeupe na kutoka jioni wakiwa na mikono safi. Mikono ya baba ilikuwa na madoa ya moto hadi kwenye viwiko. Injinia mkuu wa labo, Mzungu, alikuwa amemwahidi padri aliyetufundisha kemia kwamba angechukua mwanafunzi mmoja kutoka darasa letu amfundishe kazi. Mmoja. Angekuja mwenyewe kusikiliza kila mtu akieleza somo lake na kufanya jaribio mbele yake. Nisipopata nafasi hiyo, ningeingia tanuruni nyuma ya baba. Baba hakuona ubaya wowote katika hilo, na hilo lilinikera zaidi ya tanuru lenyewe.

Padri alikuwa na namna yake ya kufundisha jedwali la elementi. Hakutaka tulikariri. Aligawa safu za jedwali kwa wanafunzi kama mtu anayegawa mashamba, na kila mmoja akawa mwenye familia yake mwaka mzima. Elementi za safu moja, alisema, ni familia kwa sababu zina tabia moja, hata kama moja ni nyepesi na nyingine ni nzito. Mimi nilipewa familia ya kwanza: lithiamu, sodiamu, potasiamu na ndugu zao wa chini. Ni metali, lakini ni laini hata kisu cha mezani kinazikata. Ukikata, ndani zinang'aa kama kioo, na kabla hujamwita mwenzako aje kuona zimekwisha kufifia, kwa kuwa haziwezi kukaa na hewa. Maji ndiyo kabisa. Lithiamu inachemka taratibu juu ya maji, sodiamu inakimbia huku na huku ikipiga kelele, potasiamu inawaka moto wa zambarau. Kadiri unavyoshuka katika safu ndivyo hasira inavyozidi. Kwa hiyo zinahifadhiwa ndani ya petroli, ile ya taa, mbali na hewa na maji.

Darasani tulitaniana kwa familia hizo kuliko tulivyotaniana kwa makabila, na miaka ile hilo halikuwa jambo dogo. Rafiki yangu, kijana ambaye wazazi wake walitoka Kasai, alipewa safu ya klorini na iodini. Aliniita mama mukwe, kwa sababu sikuvumilia chochote.

“Weye na maji munagombana, na hewa munagombana,” alikuwa akisema. “Utaoa nani?”

“Nitakuoa weye,” nilimjibu, “tufanye chumvi.”

Basi, mwezi wa Desemba, mapigano yakarudi mjini. Umeme ukakatika, mabomba yakakauka, masomo yakafungwa. Bomu dogo lilianguka juu ya paa la kolezi, si pengine popote ila juu ya chumba cha kemia. Halikuua mtu. Lilifungua tundu ambalo mbuzi angepita, na mvua za Desemba ni mvua za Desemba. Padri alisimama chini ya tundu lile, kanzu imelowa hadi magotini, akitazama kabati lililojaa vitu ambavyo baadhi yake havipaswi kuguswa na maji. Akafanya kile ambacho hadi leo sijui kama kilikuwa akili au wazimu. Aliwaita wanafunzi wa mwaka wa mwisho walioweza kufika, akatugawia labo yote ya kolezi twende nayo nyumbani.

Mmoja alibeba mizani, ameivika blanketi kama mtoto mchanga. Mwingine alibeba mirija ya kioo kwenye kikapu cha mihogo. Rafiki yangu alipewa iodini yake na chupa nyingine mbili. Lithiamu ilikuwa imekwisha zamani, na potasiamu padri alibaki nayo chumbani kwake, akisema hawezi kuilaza katika nyumba yenye watoto. Mimi nilipewa sodiamu: chupa ya mdomo mpana, kizibo cha kioo, na ndani ya petroli vipande vitano vya kijivu, kila kimoja kama kidole gumba.

“Huu ndio mtihani wako,” padri aliniambia kwa Kiswahili chake cha kitabu. “Itunze, nayo itakutunza.”

Nilipita vizuizi viwili nikiwa nimeifunga chupa ndani ya shati. Jandarmu wa kwanza aliinusa, akasema “petroli,” akaniangalia kama anayeangalia mtu tajiri. Ningepaswa kuelewa hapo hapo.

Nyumbani niliiweka juu ya kabati la vyombo, nikawakusanya watu wote wa nyumba, nikahutubia. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilijua familia ya kwanza yote. Nadhani nilihutubia muda mrefu. Nilisema vitu vile vinaonekana kama mawe lakini si mawe. Nilisema vikipata maji vinalipuka, na vikipata hewa vinaoza. Nkambo alisikiliza huku akichambua maharagi.

“Maji hapana,” alisema.

“Ndiyo, nkambo.”

“Upepo hapana.”

“Ndiyo.”

“Sawa mukubwa yako ule wa kwanza,” alisema, akimaanisha kaka yangu aliyekufa mchanga. “Naye ilikuwa vile.” Akarudi kwenye maharagi yake.

Wiki ile makala, makaa yetu ya kupikia, yalikwisha. Wachoma makala hawakuweza kuingia mjini, na waliokuwa na gunia walilikalia. Tulibaki na jiko la primusi la petroli, na petroli nayo ikaisha. Siku ya tatu tulikula bunga, yaani unga, lililokorogwa na maji ya vuguvugu yaliyopashwa kwa moto wa mbao za sanduku. Siku ya nne niliamka mapema kwenda kupanga foleni ya bunga karibu na stesheni, nikakaa huko hadi saa tisa mchana, kwa sababu mara mbili tulisikia risasi na mara mbili foleni ilitawanyika na kila mtu akarudi akidai alikuwa wa mbele.

Niliporudi, harufu ilinipokea kabla ya mlango. Maharagi. Yameiva, yamepasuka, yana mchuzi mzito na kitunguu. Sijui kama kuna mtu aliyepata kula kama nilivyokula siku ile. Nilikula sahani mbili nikiwa nimesimama. Nilimsifu nkambo. Nakumbuka maneno yenyewe, kwa kuwa yananichoma bado: nilimwambia hakuna mtu Katanga nzima mwenye akili kama yake. Kisha nikafikiri kidogo.

“Nkambo, petroli ulitosha wapi?” nilimwuliza, nikitaka kujua aliitoa wapi.

“Kwa mawe yako.”

Nilifikiri anatania. Nilitazama juu ya kabati. Chupa ilikuwepo, na ndani yake, badala ya petroli nyeupe, palikuwa na kitu chekundu kama tope la barabara yetu.

“Uliimwanga?”

“Kumwanga ni kumwanga chini,” alisema. “Mi nilitia mu primusi.”

“Nkambo!”

“Unapiga kelele ya nini? Tangu lini mawe inanywa petroli na maharagi inabakia ngumu? Batoto balilia tangu asubui.”

“Na ile nyekundu ni nini?”

“Mawese.” Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. “Weye ulisema maji hapana, upepo hapana. Mawese haiko maji. Mawese haiko upepo. Ningeyaachaka uchi? Mi niko mutu mubaya?”

Wasikilizaji wangu wa Kasenga wanaanza kucheka hapo, wengine hadi wanajishika mbavu, na mimi nawaangalia nikingoja. Kwa sababu tazama jinsi alivyokuwa amefikiri vizuri. Alikuwa amesikiliza kila neno. Alikuwa amechukua mawese ya mwisho yaliyobaki nyumbani, mawese aliyoyabeba kutoka kaskazini katika kibuyu, akayatoa kwa ajili ya mawe yangu. Kosa lake lilikuwa moja tu, na hakuna aliyekuwa amemwambia: mawese ya kijijini hayakauki kabisa, yana maji kidogo yaliyojificha ndani, tena yana uchachu, na uchachu ndio chakula cha sodiamu. Mimi mwenye familia sikuwa nimesema hilo. Nilikuwa nimehutubia juu ya milipuko.

Nilishusha chupa. Ilikuwa na joto, kama mkono wa mtu mwenye homa. Viputo vidogo vilikuwa vinapanda kimoja kimoja, bila haraka, na kuzunguka kila kipande kulikuwa na utando wa rangi ya chungwa iliyofifia, mnene, unaoendelea kukua. Nililegeza kizibo ili hewa itoke. Kisha nikatoka kutafuta petroli.

Nilizunguka kambi nzima. Sitataja milango yote. Kwenye mmoja mwanamume aliniuliza naitaka ya nini, nikamweleza kwa uangalifu, naye akamwita mke wake aje asikie. “Rudilia,” alisema. “Petroli ni ya nani?” Kwenye mwingine walikuwa nayo, niliiona taa yao imejaa, lakini mama wa nyumba alisema mtu anayeomba petroli ya kuogesha mawe wakati huu anahitaji padri, si petroli. Nilimwambia ni padri aliyenipa. Akafunga mlango.

Kuviacha vipande hewani, katika unyevu wa Desemba, kungekuwa kuviua mara moja. Kuviacha ndani ya mawese kulikuwa kuviua polepole. Nilichagua polepole. Baba alirudi asubuhi kutoka kazini, nikamweleza, na yeye alirudi kiwandani kwa miguu akaja na mafuta ya mashine ndani ya kopo la maziwa. Hayo yangefaa kabisa. Yangefaa jana. Nilipozamisha kijiko cha mbao ndani ya chupa sikukuta vipande vitano. Nilikuta uji mgumu, na katikati ya uji, nikiukwaruza, vibonge vitatu vidogo kama karanga.

Nilikuwa nimekaa chini, kopo katikati ya miguu, nadhani nilikuwa karibu kulia. Nkambo alichota uji ule kwa ncha ya kidole. Nilipiga ukelele. Hakujali. Aliusugua katikati ya viganja vyake na tone la maji la mwisho kwenye kata, na viganja vikajaa povu jeupe.

“Sabuni,” alisema. Hakuonyesha mshangao wowote. “Inauma kidogo. Lakini ni sabuni.”

“Najua ni sabuni!”

“Kwetu tunapikaka na majivu. Unachoma maganda ya ndizi, unapitisha maji, unatia mu mawese, unakoroga siku nzima mpaka mukono inakufa. Ile yako haikuomba hata kukoroga.” Alinusa viganja. “Majivu yako iko na nguvu kupita yetu.”

“Si majivu, nkambo. Ni metali. Kwenye majivu yenu mna potasiamu. Hii ni sodiamu.”

“Inafanya kazi moja?”

“Ndiyo.”

“Basi ni ndugu. Unalilia nini?”

Nilipandwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kijinga. Mwaka mzima nilikuwa nimejifunza kueleza kwa Kifaransa kwamba vitu ni familia kwa sababu ya tabia zao. Yeye alikuwa amelisema lote kwa viganja viwili vyenye povu, na mimi nilimwambia aniache.

Risasi zilinyamaza kabla ya mwaka mpya, na mwezi wa Januari tukaitwa. Paa lilikuwa limezibwa kwa turubai. Mizani ilirudi, mirija ilirudi ikipungua mmoja. Injinia alikuwa mtu mwembamba, shati la mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni. Alikaa kando ya padri, mbele ya meza yenye bakuli la maji.

Rafiki yangu aliingia kabla yangu, na mlango ulikuwa wazi. Chupa yake ya iodini ilirudi nusu. Injinia aliuliza nusu nyingine iko wapi. Rafiki yangu alisema kwamba mama yake alikuwa amefunga majeraha ya mtaa mzima nayo, akiwemo jandarmu mmoja na mtu mmoja aliyepigwa na jandarmu huyo huyo. Nilifunga macho. Nikasikia injinia anacheka, kicheko cha kweli, na kumwuliza kwa nini iodini inaua vijidudu vya vidonda na chumvi yake haiui. Rafiki yangu akajibu vizuri.

Kisha mimi. Nilieleza familia yangu bila kusita, elektroni ile moja ya nje ambayo kila mmoja wao anataka kuitoa, jinsi inavyotoka kwa urahisi zaidi ukishuka safu. Injinia alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nikatoa bonge langu bora kwenye mafuta ya mashine. Nilikuwa nimelikwaruza usiku na mchana, lakini lilikuwa limejikunja ndani ya sabuni kama kokwa, na ningeendelea kukwaruza lisingebaki kitu. Nililitupa majini.

Sodiamu safi hukimbia juu ya maji kama mtu aliyekanyaga makaa. Langu lilikaa mahali pamoja. Lilikohoa. Povu likapanda, jeupe, jingi, likafika ukingoni mwa bakuli na kushuka juu ya meza, na mahali fulani ndani yake kulisikika mlio mdogo, puf, basi.

“Unafua?” injinia aliuliza.

Nilieleza. Nilieleza kikemia, na nilieleza vizuri: petroli iliondolewa, mawese yakawekwa, uchachu wa mawese na unyevu wake, sabuni. Injinia hakuwa amekasirika. Aliegemea mbele, na nadhani, sasa ninapoandika, kwamba alikuwa amefurahi.

“Nani aliweka mawese?” aliuliza.

Swali rahisi. Jibu lake lilikuwa nyumbani likichambua majani ya mihogo. Lakini nilimwona nkambo machoni mwa yule mtu, na kibuyu chake, na miguu yake isiyojua viatu, nikaona nyumba yetu nzima ikiingia mle chumbani na kusimama nyuma yangu. Mama wa rafiki yangu alikuwa mkunga, alikuwa na miwani. Sijui kwa nini niliifikiria miwani.

“Ni mimi,” nilisema.

Padri aliinua kichwa haraka. Yeye alijua haiwezekani. Injinia alirudi nyuma kwenye kiti, uso wake ukafungwa.

“Wewe, uliyenieleza haya yote sasa hivi, uliondoa petroli kwenye sodiamu?”

“Ndiyo, bwana.”

Aliandika mstari mmoja. Ulikuwa mfupi.

Nafasi alipata rafiki yangu. Alikuja jioni ile kunieleza, akiwa amejaa furaha na aibu, akasimama mlangoni akijaribu kuificha furaha. Nkambo alimpa kiti.

“Na huyu wetu, sababu gani balimukatala?” alimwuliza.

“Ju ya petroli, mama. Alisema njo yeye aliitosha.”

Nkambo aliacha kutwanga. Alinigeukia polepole.

“Ulisema ni weye?”

Nilitazama kinu.

“Mi njo nilitosha. Mukono yangu hii. Mi niliwekea mawese yangu ya kwetu. Weye ulikuwa mu foleni. Sababu gani unaiba kazi ya mutu?”

“Nkambo, nilitaka kukulinda.”

“Kunilinda na nini? Ule Muzungu anapiga ba-mama bazee?” Nilimwona anafikia jibu mwenyewe, hatua kwa hatua, kama alivyofikia mawese. “Unaona haya na miye,” alisema.

Rafiki yangu aliaga.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha misa, akatoka. Nilimfuata nikimsihi. Nilimwambia kuna vizuizi, akasema ameviona vizuizi vikubwa kuliko hivyo akitoka kaskazini. Nilimwambia Mzungu hatampokea. Akasema basi atamngoja. Kwenye lango la labo mlinzi alicheka, kisha akaacha kucheka, maana nkambo alikaa chini katikati ya njia ya magari. Injinia alitoka kuona ni nini kinazuia gari lake. Alisema Kiswahili cha kazini, kile cha kuamrisha, lakini alikisema.

“Mama, iko nini?”

“Mi njo nilitosha petroli,” nkambo alisema bila kuinuka. “Nilipika maharagi. Huyu alikula sahani mbili. Nikawekea mawese. Yeye hakujua kitu.”

Injinia alimtazama, kisha akanitazama mimi. Aliniuliza kwa Kifaransa kama ni kweli. Nilisema ni kweli.

“Jana ungenieleza hivyo,” alisema, “ningekuchukua. Nilikuwa nimekwisha kuamua.” Akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta njia ya kuwa mwema na haioni. “Mtu akiharibu kitu ndani ya labo, namfundisha. Mtu akiniandikia jambo ambalo halikutokea, nitamfanya nini? Shaba yote ya nchi hii inapita katika vitabu vyetu vya vipimo.”

“Anasema nini?” nkambo aliuliza.

“Nafasi imekwisha, nkambo.”

“Umuambie akupe ingine.”

“Hakuna nyingine.”

“Umuambie!”

Sikumwambia. Injinia alimsaidia kuinuka, kwa mkono wake mwenyewe, nikakasirika hata kwa hilo.

Tulirudi kwa barabara ya reli. Kwenye kizuizi jandarmu alituuliza tumetoka wapi, na nkambo akamjibu kwamba tumetoka kugombana na Muzungu, na yule kijana akacheka hadi bunduki ikamteleza begani, akatupisha. Nkambo alianza tena. Alisema kesho atarudi. Alisema atamletea yule bwana sabuni aione. Alisema mtu anayeona haya na watu wake atazunguka dunia nzima akitafuta pa kukaa. Alisema twende polepole kidogo, magoti yake si ya jana. Mimi nilikuwa natazama mbele. Jumatatu baba angenipeleka kwenye lango la tanuru, na mimi nilikwisha kujua kwamba Jumatatu hataniona, kwamba kuna malori yanayokwenda Kasenga kuchukua samaki na madereva hawaulizi sana.

“Ningoje,” alisema nyuma yangu.

Nilimsikia vizuri. Aliniita tena, safari hii kwa jina nililopewa na yeye, ambalo hakuna mwingine anayelitumia. Sikupunguza mwendo.